Sinia la Mtongwe

Bofu, Likoni, 1943

Alhamisi, 2 Septemba. Ramadhani mosi.

Mwezi ulionekana jana magharibi kwa muda usiofika dakika tano, na leo tumefunga. Kusi bado yavuma. Mvua hakuna. Kamba ya kisimani imeongezwa pima moja.

Nyumbani tuko watatu: mimi, dada yangu Mwanasaumu, mjane wa mwaka wa sita, na binti yake Mwanarehema, miaka kumi na tisa, aliyeposwa mwezi wa Rajabu na Mwinyihaji wa Mtongwe, dereva wa lori jeshini. Futari: tende tatu, moja kila mtu, uji wa unga wa mahindi ya manjano, muhogo wa nazi.

Ijumaa, 3 Septemba

Barua ya Mwinyihaji imefika kwa mamake, na mamake ametuletea habari. Amepewa likizo ya siku kumi na nne. Atafika tarehe 21 na lazima arudi kambini tarehe 5 Oktoba. Likizo nyingine hakuna ajuaye.

Mwanasaumu alihesabu kwa vidole akasema, "Idi itaangukia humo humo." Kisha akaenda chumbani akarudi na mkebe wa biskuti. Ndani mlikuwa na mchele kibaba kimoja na konzi moja juu yake.

Naandika desturi ilivyo. Binti akiposwa, asubuhi ya Idi inayofuata kwao hutoka sinia la mkate wa mchele kwenda kwa mamamkwe. Mjomba wa binti ndiye mbebaji. Mamamkwe huukata mkate mbele ya mawifi zake, wakala, na kabla ya alasiri sinia hurudi na doti moja ya leso mpya, na mbebaji huambiwa siku ya nikaha. Sinia lisipopelekwa, posa imevunjwa na upande wa mke. Likikataliwa, imevunjwa na upande wa mume. Sinia kurudi tupu sijapata kusikia.

Kwa hiyo siku ikitajwa Idi, Mwanarehema ataolewa kabla ya tarehe 5. Isipotajwa, Mwinyihaji atarudi vitani bila ya mke, na binti atakaa. Mkate wa sinia wataka pishi moja ya mchele, yaani vibaba vinne. Tunavyo kimoja.

Jumatatu, 6 Septemba

Nimevuka kwenda mjini mapema nikapita kwenye dirisha la kadi za mgao wa chakula kabla ya kwenda kazini kwangu gazetini. Karani hakuinua uso.

"Kabila?"

"Mswahili, wa Likoni."

"Unga wa mahindi."

"Nataka mchele. Vibaba vitatu tu, kwa ajili ya Idi."

"Mchele una kadi yake."

"Hiyo kadi hupewa nani?"

"Wasio wa kabila la unga." Wenzake wawili wakacheka. Hakuwa mtu mbaya. Aliniandikia unga wa wiki moja zaidi, jambo ambalo hakuruhusiwa kufanya. Nikamshukuru nikatoka. Nyuma yangu walikuwa watu wengi.

Jumanne, 7 Septemba

Maduka matano. Mchele hakuna.

Jumatano, 8 Septemba

Hakuna.

Ijumaa, 10 Septemba

Nimeandika habari ya foleni ya unga hapa Likoni. Watu mia mbili na kumi na mmoja kwa hesabu yangu, tangu saa moja hadi saa sita, na sitini na wawili walirudi na vikapu vitupu. Mhariri aliisoma mara mbili akasema imeandikwa vizuri na haitapita kwa mkaguzi wa serikali. Nafasi yake imechukuliwa na habari ya msikiti uliopakwa chokaa.

Upepo umepungua. Mvua hakuna.

Jumapili, 12 Septemba

Jirani yetu Kadzo, mke wa Chengo kuli wa bandarini, huuza muhogo mpaka Mtongwe. Leo amerudi na ujumbe wa Bi Mwanatabu, mamake Mwinyihaji. Nauandika kama alivyousema: "Mwambie Mwanasaumu asijisumbue na sinia mwaka huu. Nyakati zenyewe ndizo hizi."

Mwanasaumu aliendelea kukuna nazi. "Umesikia, kaka? Atuona hatuna."

"Kweli hatuna."

"Hatuna, lakini yeye ajuaje?"

"Labda amesema alichokusudia."

"Wewe ni mtu wa gazeti. Mtu akikwambia usijisumbue, akwambia anakungoja. Mimi nami ningemwambia vivyo hivyo."

Hapa petu mtu hukataa kikombe cha chai mara mbili kabla ya kukipokea, na akikipokea mara ya kwanza husemwa. Nimeishi hivyo miaka hamsini na miwili.

Jumanne, 14 Septemba

Jaribio la kwanza: unga wa manjano, tui, sukari kidogo, iliki, hamira. Ulikaa mchana kutwa bila ya kuumuka. Ulipikwa makaa chini na makaa juu, kama wa mchele. Magharibi tuliukata. Ulikuwa mzito, na rangi yake ya kinyesi cha mtoto mchanga. Maneno haya ni ya Mwanarehema, na mamake alimkemea kisha akacheka kwa mara ya kwanza tangu mwezi uandame.

"Hata ukiwa mtamu, haufai," alisema Mwanasaumu. "Wataufunua waone manjano. Mkate wa posa ni mweupe."

"Kitu cheupe tulicho nacho ni muhogo," akasema Mwanarehema.

Alisema kwa mzaha. Mamake hakuuchukua kwa mzaha.

Alhamisi, 16 Septemba

Jaribio la pili: muhogo mbichi uliosagwa juu ya jiwe. Mweupe kweli, lakini umevutika kama ulimbo na kisu kimenata. Kadzo alikuja kuomba moto akausukuma kwa kidole.

"Bwana Ishaka, huu uchukue ofisini ukabandikie stempu."

"Wacha maneno, utufunze," alisema Mwanasaumu.

"Muhogo mbichi hauwi unga, dada, huwa gundi. Kwetu hukatwa vipande ukaanikwa mpaka uvunjike kwa mkono kama chaki. Ndipo utwange, uchunge mara mbili. Mwaanika siku ngapi nyinyi?"

"Moja."

"Moja ni salamu. Siku tano, sita, jua likiwa kali."

Mwanasaumu alihesabu tena kwa vidole. Siku zilikuwapo. Kesho Kadzo ataleta muhogo mtamu wa shamba lake, vikapu viwili, kwa kubadilishana na nazi.

Ijumaa, 17 Septemba

Umeanikwa juu ya mkeka uani. Jua kali.

Jumamosi, 18 Septemba

Jua kali.

Jumapili, 19 Septemba

Manyunyu tangu asubuhi. Haya ndiyo maji ya kwanza kutoka juu tangu Julai. Hayakufika kwenye mizizi ya mahindi ya mtu yeyote; nimechimba kwa kidole shambani kwa jirani na chini ya nusu inchi ni vumbi. Lakini muhogo wote wa mkekani umelowa. Mwanarehema aliuingiza ndani, akautoa, akauingiza, mara saba.

Jumatatu, 20 Septemba

Manyunyu. Vipande vimeota ukungu mweusi. Kadzo ameviangalia akasema virushiwe kuku. Mwanasaumu alivirusha kimoja kimoja. Kadzo ameleta vikapu viwili vingine na safari hii hakutaka nazi.

Jumanne, 21 Septemba

Jua limerudi. Mwinyihaji amefika.

Alikuja alasiri kunisalimu, na kwa kuwa haingii nyumba ya mchumba, tulikaa barazani. Amekonda, ana kovu jipya mkononi, sare imepigwa pasi. Mwanarehema alikuwa nyuma ya dirisha. Nilijua kwa sababu kinu kilinyamaza ghafla.

"Jeshini mwala nini, Mwinyihaji?"

"Biskuti, mjomba. Ukiigonga mezani, mdudu hutoka akatoa saluti. Asipotoka, twaila naye."

Dirishani mtu alicheka. Yeye akatazama chini, ametabasamu. Tulizungumza habari za barabara, za lori, za wenziwe wawili ambao hawatarudi. Alipoinuka aliniuliza, "Mjomba, mjini leso zapatikana?"

"Sijaona doti mpya dukani tangu Mei. Hata meli za nguo haziji."

"Aa. Nauliza tu."

Akaenda zake.

Alhamisi, 23 Septemba

Jua kali. Muhogo wakauka.

Jumamosi, 25 Septemba

Kadzo ameleta ujumbe wa pili kutoka Mtongwe: "Mwambie Mwanasaumu, mchele ukikosekana hakuna lawama. Tutangoja hata mwakani."

"Mwakani," alisema Mwanasaumu. Alikuwa akitwanga muhogo mkavu, na unga ulikuwa umemkaa kwenye nyusi. "Kaka, wajua mwakani ni nini? Ni kusema binti yangu atasubiri vita viishe kwa sababu mamake hana vibaba vitatu."

"Huenda Bi Mwanatabu ana tabu yake."

"Tabu gani? Yeye ni wa kupokea. Mwenye kupokea hana tabu."

Nilifikiri maneno hayo yana akili. Nayaandika kwa sababu niliyafikiri hivyo.

Jumatatu, 27 Septemba

Jaribio la tatu. Unga wa muhogo mkavu uliochungwa mara tatu, konzi moja ya mchele uliosagwa, tui zito la nazi mbili, iliki, hamira, na ute wa mayai manne uliopigwa mpaka ukasimama. Uliumuka kwa saa tatu. Ulipikwa polepole, makaa ya juu machache.

Magharibi tulikula tende (nusu kila mtu sasa) kisha Mwanasaumu akaukata. Ndani ulikuwa na matundu madogo madogo, kama inavyotakiwa. Mweupe, juu hudhurungi. Mwanarehema alitafuna akamtazama mamake. Mamake akanitazama mimi.

"Sema, kaka. Na usiseme kama ndugu."

"Mtu asiyeambiwa atasema ni mchele wa zamani kidogo."

"Na aliyeambiwa?"

"Atasema mkate mzuri."

Mwanasaumu aliketi chini akafunika uso kwa ncha ya leso. Kadzo aliletewa kipande kikubwa. Alikula chote akalamba vidole akasema, "Sasa mmekuwa watu wa kwetu."

Kwa mara ya kwanza mwezi huu nimeamini jambo hili litakwisha vizuri.

Jumatano, 29 Septemba

Mayai manne yamepatikana. Sukari tumeazima kwa nyumba tatu.

Alhamisi, 30 Septemba

Mwezi umeonekana. Kesho Idi.

Ijumaa, 1 Oktoba. Idi.

Mwanasaumu aliwasha moto alfajiri. Mkate ulikuwa tayari nilipotoka kuswali, na niliporudi ulikuwa umewekwa kwenye sinia la shaba la marehemu mama, juu yake kawa jipya alilolisuka Mwanarehema. Mchele wote wa mkebe uliingia humo: kimoja cha mchele, vitatu vya muhogo. Walinivalisha kanzu nyeupe na koti. Mwanarehema alilitengeneza kawa likae sawa, kisha akalitengeneza tena.

Nimetoka saa mbili na nusu, nimefika Mtongwe saa tatu na dakika kumi. Njiani watu walilitazama sinia wakasema "Inshallah kheri," nami nikajibu.

Niligonga. Ndani zilisikika sauti za wanawake, watatu au wanne. Bi Mwanatabu mwenyewe alifungua, akatoka nje, akauvuta mlango nyuma yake mpaka ukabaki wazi upana wa kiganja. Amevaa leso iliyopigwa pasi vizuri sana na iliyofifia hata maandishi yake hayasomeki.

"Idi njema, Bi Mwanatabu. Mwanasaumu akusalimu, na hii ni amana yako."

"Idi njema, Ishaka. Nilituma maneno mara mbili."

"Yalifika."

"Basi mbona umekuja?"

Nilidhani ni adabu. Nikasema, "Si sumbuko. Dada amefanya kwa moyo."

Alinitazama kama mtu anayetazama ukuta alioambiwa ni mlango. Kisha akashusha sauti.

"Ishaka, nyumba hii haina leso. Mpya haipo, iliyokunjwa kabatini haipo. Nimetafuta tangu Shaabani. Mwinyihaji ametafuta Mombasa nzima siku kumi. Nimeomba kwa watu ambao sikutegemea kuwaomba kitu maisha yangu."

"Basi tutajie siku tu. Leso itakuja ikija. Sisi hatutasema neno."

"Nyinyi hamtasema." Akaashiria mlango kwa kidevu. "Wifi zangu watatu wamelala hapa tangu jana. Wamekuja kulitazama sinia likitoka. Likitoka tupu, mwanangu ataoa, lakini mkewe ataingia nyumba inayosemwa mpaka mimi nizikwe, na baada ya hapo atasemwa yeye."

"Na nikirudi nalo, hataoa."

"Najua."

Nikafunua kawa. Sikuwa na hoja nyingine. Akainama akaunusa mkate, na kwa muda mfupi uso wake ukawa uso wa mtu mwenye njaa, kwani tulikuwa tumefunga mwezi mzima na hakuna aliyefuturu vizuri.

"Mzuri," alisema. "Ni mchele?"

"Kibaba kimoja mchele," nikasema, "na vitatu muhogo."

Hakuna aliyenilazimisha. Angeweza kuula wote asijue. Aliniuliza nami nikamjibu kwa kipimo.

Alitupia jicho mlango ulio nyuma yake. Nikaona anafikiri, na nikaona alipofika, lakini sikuwa na njia ya kumtangulia.

"Nisamehe, Ishaka," alisema polepole.

Kisha akausukuma mlango ukawa wazi kabisa, na akapaza sauti ili ifike ndani. "Muhogo? Mwanasaumu atuletea muhogo siku ya Idi? Rudi nao. Nyumba hii haijafika huko."

Ndani mtu alisema, "Hee." Mwingine akasema, "Muhogo wa posa, mashallah." Walicheka.

Bi Mwanatabu alisimama ameshika mwimo wa mlango. Nilikuwa na maneno ya kumwumbua, na yalikuwa ya kweli. Ningeyasema, heshima yake ingekwisha hapo hapo, na posa ingevunjika vile vile. Nikafunika kawa. Nikasema kwaheri.

Nilifika Bofu saa nne na nusu. Mwanasaumu alikuwa mlangoni. Aliuona uzito wa sinia kwa jinsi nilivyotembea na hakuuliza mpaka nilipoliweka chini. Nilimsimulia yote kwa mpangilio wake, maneno ya chini na maneno ya juu.

"Alisema muhogo?"

"Mwisho alisema hivyo. Mwanzo alisema leso."

"Kwani mimi nilitaka leso?"

"Hukutaka."

"Angeniambia."

"Alikwambia mara mbili."

Sikupaswa kusema hivyo. Aliinuka. "Mtu hamwaibishi mwenziwe mbele za mawifi kwa ajili ya kitambaa. Amekuona mpole akakutungia. Aliona muhogo akakataa muhogo. Hayo mengine ni ya kukupoza wewe."

Nilimwambia siyo. Nilimwambia aliniomba radhi kabla ya kupaza sauti. Haikusaidia. Kwake jambo la muhogo laeleweka na jambo la leso halieleweki, maana yeye alikuwa akitwanga mwezi mzima.

Mwanarehema alitoka chumbani. Alikuwa amevaa nguo ya Idi.

"Nani alimwambia ni muhogo, mjomba?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

"Aliniuliza."

"Na kila anayekuuliza wamjibu."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayesoma kilichoandikwa. Uani watoto wa jirani walikuwa wameshajaa, wakingoja chochote cha Idi, na tulikuwa hatuna cha kuwapa. Akachukua kisu.

"Mwanangu, huo haukatwi hapa," alisema Mwanasaumu.

"Basi ukakatwe wapi, mama?"

Aliukata vipande thelathini na viwili, vyote sawasawa, na akaniambia nishike sinia wakati akigawa. Nikashika. Watoto waliufurahia. Mmoja aliuliza kama mchele umerudi madukani.

Vilibaki vipande vitatu.

Jumamosi, 2 Oktoba

Mwinyihaji alikuja saa nne. Alikaa barazani pale pale, bila ya sare.

"Nimegombana na mama. Alia tu. Shangazi zangu hawaondoki mpaka Jumatatu."

"Nikaha yahitaji mashahidi wawili na walii," nilisema. "Mamako si sharti la sheria."

"Mjomba, najua sheria." Akatazama mikono yake. "Nimuoe leo nimwache kwa nani? Mimi naondoka Jumanne. Atakayeishi naye ni mama na hao. Wewe ungemwacha binti yako mle?"

"Nisingemwacha."

"Basi."

Mlango ulifunguka kiasi, ukatoka mkono na sahani ndogo yenye kipande kimoja cha mkate. Niliipokea nikampa. Alikula taratibu, akamaliza mpaka chembe.

"Huu ndio muhogo wenyewe?"

"Ndio."

"Kambini watu wangepigania huu."

Alisema kwa sauti ya kusikika dirishani. Hakuna aliyecheka. Alikaa robo saa zaidi, akaondoka.

Jumapili, 3 Oktoba

Mwanasaumu hajazungumza na mtu. Mvua hakuna.

Jumatatu, 4 Oktoba

Gazeti limetoa taarifa yangu ya Idi, mistari minne: sala ilihudhuriwa na wengi, hali ya hewa ilikuwa nzuri, watoto walivaa nguo safi, sikukuu ilipita kwa utulivu. Yote ni kweli.

Kadzo ameambiwa na watu wa Mtongwe kuwa mkate wa muhogo ndio uliovunja posa. Amekuja kumtaka radhi Mwanasaumu, maana yeye ndiye aliyetufunza. Nilijaribu kumweleza habari ya leso. Alinisikiliza kwa heshima na hakuniamini.

Jumanne, 5 Oktoba

Lori la jeshi lilimchukua Mwinyihaji kivukoni saa tatu asubuhi. Nilikuwapo kwa kuwa nilikuwa navuka kwenda kazini. Alinipa mkono. Hakutuma neno kwa mtu.

Nilirudi mapema. Saa kumi alasiri mtu alipiga hodi, na nilipofungua alikuwa Bi Mwanatabu, peke yake, amekuja kwa miguu kutoka Mtongwe, vumbi mpaka magotini. Mikono mitupu.

"Wameondoka," alisema. Alikusudia wifi zake. "Nimekuja kwa Mwanasaumu. Nimekuja kutaja siku."

"Siku gani, Bi Mwanatabu? Mwinyihaji kaondoka asubuhi."

"Siku atakayorudi. Siku hiyo hiyo. Asikae hata usiku mmoja, aoe. Nataka kumwambia mwenyewe, kwa mdomo wangu, na nimwombe radhi. Niitie."

Nilimwambia angoje. Mwanasaumu alikuwa chumba cha ndani, ameketi kitandani, mgongo umenyooka, macho makavu. Alikuwa amesikia kila neno; nyumba hii haina dari. Mwanarehema alikuwa ameketi sakafuni karibu na miguu yake. Alimtazama mamake.

"Bi Mwanatabu yuko mlangoni," nilisema.

"Mwambie nimelala."

"Dada, ni saa kumi ya mchana."

"Mwambie nimelala, kaka."

Nilirudi mlangoni. Bi Mwanatabu alikuwa amesimama pale nilipomwacha, hakuegemea ukuta, hakukaa barazani.

"Amelala," nilisema.

Aliitikia kwa kichwa. Naye pia alikuwa amesikia.

"Mwache alale," alisema, akageuka, akashika njia ya Mtongwe.